Waliouliza Habari Zangu

Jumatatu, 2 Desemba

Leo tumehamia Gungu. Sista Scola, mkuu wa kituo chetu cha Kidahwe, alitufundisha kwamba anayeandika shajara aanze na mambo yenye uhakika, kisha ndipo aandike anachofikiri.

Yenye uhakika ni haya. Mimi ni Winfrida, nina miaka kumi na saba, na nimemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita. Nimelelewa kituoni tangu nikiwa na wiki chache. Ninakaa na Armelle, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Yeye alitimiza miaka kumi na minane mwezi wa Oktoba na kitanda chake kituoni kimeshapewa mtoto mwingine. Chumba chetu kina dirisha moja na bati linalolia upepo ukivuma. Tutakaa hapa kwa majaribio hadi mwisho wa Februari. Tukionyesha kwamba tunaweza kujitegemea, kituo kitaandika barua ya kutudhamini na chumba kitabaki chetu. Tukishindwa, mimi nitarudi Kidahwe kusubiri umri wangu. Armelle hana pa kurudi.

Ninachofikiri: Bi Melania anatabasamu mno.

Bi Melania ni mshauri aliyeletwa kituoni mwezi wa Agosti kuwaandaa wanaokaribia kuondoka. Ametufundisha kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, kupika chakula cha watu wawili badala ya themanini, na kumwambia bosi hapana bila kulia. Amemweka Armelle kwa fundi cherehani hapa hapa Gungu. Mimi kanipeleka kwa Mama Happiness, anayekausha dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, ufukweni inakotua mitumbwi ya wavuvi. Leo alipotuaga alisema tusiogope, hatutakuwa peke yetu. Nilimuuliza ana maana gani. Akatabasamu.

Jumanne, 3 Desemba

Jirani wa chumba cha pili anaitwa Mama Rozalia. Ni mjane, naye anakausha dagaa Kibirizi. Kabla sijamaliza kumwamkia aliniuliza nimetoka wapi, mama yangu ni nani, mwenzangu kabila gani, tumepika nini jana, na kwa nini hatukuchemsha maji asubuhi. Nilimjibu moja tu, kwamba tulipika ugali.

Kituoni hakuna aliyewahi kuniuliza nimekula nini. Wote tulikula kilekile.

Alhamisi, 5 Desemba

Kazi ni hii. Mitumbwi ikirudi asubuhi Mama Happiness ananunua dagaa, mimi ninawaosha na kuwatandaza juu ya chanja za wavu, ninawageuza, ninafukuza kunguru, ninaangalia mawingu. Dagaa akinyeshewa kabla hajakauka anaoza na kunuka, na kazi ya siku imepotea. Nina mikono mizuri, Mama Happiness amesema.

Nimeunguza ugali jioni. Armelle alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 8 Desemba

Bi Melania amekuja kututembelea. Alikagua sufuria, akatusifu, halafu akaniambia, "Winfrida, ugali ukianza kushika chini, punguza mkaa kwanza."

Mimi sikumwambia kuhusu ugali.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimeandika orodha ya wanaoniuliza habari zangu. Mzee Gervasi, mwenye nyumba, anauliza kila asubuhi tumeamkaje, na anasubiri jibu kabisa, haondoki. Mama Happiness anauliza kama nimelala vizuri. Mama Rozalia anauliza kila kitu. Leo aliniuliza kwa nini jana nilipita njia ya juu badala ya njia ya soko. Nilimuuliza amejuaje. Akasema, "Si nina macho, mwanangu?"

Namwambia Armelle kwamba kuna mtu anapeleka habari zetu kwa Bi Melania. Armelle anasema, "Acha zako. Shona kifungo chako."

Jumapili, 15 Desemba

Mbalamwezi. Mitumbwi haiendi ziwani kwa sababu dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo mwalo umelala nami sina kazi. Nilikuwa dirishani saa nne asubuhi nikamwona Bi Melania akiingia uani. Mama Rozalia alimfuata karibu na lango. Walisimama wakiwa wameinama kidogo, wakazungumza Kiha kwa muda mrefu, mmoja anasema, mwingine anaitikia, huku wakipiga makofi taratibu kama watu wanaofunga mapatano. Halafu Bi Melania akaja kwetu akitabasamu.

Mimi Kiha sikijui. Masista wetu walitoka mbali, na kituoni tulizungumza Kiswahili tu.

Sasa ninajua ni nani.

Jumatano, 18 Desemba

Tulikuwa tunageuza dagaa. Nilijikata kidole kwa waya wa chanja. Mama Happiness alikifunga kwa kitambaa, akasema kwa huruma sana, "Pole, mtoto wa zahanati. Tangu siku ya kwanza ya maisha yako ni kuvumilia tu."

Niliendelea kugeuza dagaa kwa mkono mmoja.

Ni kweli kwamba niliachwa mlangoni pa zahanati nikiwa nimefungwa kwenye kitenge. Jambo hilo wanalijua Sista Scola na Armelle. Mwezi wa Septemba Bi Melania alituambia kila mmoja aandike historia yake ili aweze kutusaidia vizuri, na akaahidi kwamba karatasi zitabaki kwenye kabati lake. Niliandika ukurasa mzima kwa mwandiko wangu bora. Sasa ukurasa wangu unatembea mwaloni.

Jumapili, 22 Desemba

Bi Melania alikuja. Nilimjibu ndiyo na hapana.

Jumatano, 25 Desemba

Tulikwenda kanisani, tukarudi tukapika wali. Mama Rozalia alituletea ndizi na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Alipokuwa mlangoni macho yake yalizunguka chumba chote: kitanda, ndoo, nguo zetu kwenye kamba. Akauliza kama bati linavuja. Nilisema halivuji. Linavuja.

Armelle alikula ndizi zote. Mimi nilisema nimeshiba.

Jumanne, 7 Januari

Nitaandika kama ilivyotokea, hata panaponiaibisha.

Asubuhi kulikuwa na jua kali. Mama Happiness alikwenda Ujiji kwa mteja wake akaniachia chanja sita peke yangu kwa mara ya kwanza. Alisema, "Leo wewe ndiye mwenye mwalo." Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Saa sita hivi nilimwona Bi Melania akipita nyuma ya vibanda kuelekea zinakotia nanga boti za kijiji cha Mwamgongo. Hakuniona, au alijifanya hakuniona. Mbele yake kulikuwa na mwanamke mwenye kanga ya njano, na Mama Rozalia ana kanga ya njano. Nikafikiri: leo nitawasikia kwa masikio yangu. Nikaacha chanja. Nilijiambia ni dakika tano.

Mwanamke wa kanga ya njano alikuwa abiria tu, sijui wa wapi. Bi Melania alikuwa anamuuliza nahodha habari za kijana mwingine wa kituo aliyewekwa Mwamgongo kujifunza kutengeneza injini za boti. Nilisimama nyuma ya mapipa kuwasikiliza, na nilipogeuka ziwa lilikuwa limebadilika rangi. Wingu lilikuwa limetoka upande wa Kongo na milima ya kule haikuonekana tena. Nilikimbia. Mvua ilinikuta katikati ya njia, matone mazito yanayouma.

Chanja zangu zilikuwa tupu. Zote sita. Hakukuwa na dagaa hata mmoja.

Kando yake, chini ya turubai, Mama Rozalia alikuwa anasukuma beseni la bluu la Mama Happiness, limejaa, na nyuma yake kuna magunia. Alikuwa amelowa mpaka kilemba. Sikufikiri. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Mama Rozalia, hao ni dagaa wetu. Umesubiri niondoke ukawachukua. Wewe ni mwizi."

Wanawake waliokuwa chini ya turubai wakacheka, kwa sababu walidhani ninatania. Mmoja akasema, "Binti wa kidato cha nne huyo, anaongea kama karani wa mahakama." Halafu wakaona uso wangu, wakaacha kucheka.

Mama Rozalia alininyooshea beseni. "Ulitaka niwaache walowe?"

"Nilitaka usiguse kisicho chako."

Alisogea pembeni, akaketi juu ya gunia lake mwenyewe, akanipa mgongo. Hapo ndipo niliona kwamba dagaa wake walikuwa bado kwenye chanja, wananyeshewa.

Jumatano, 8 Januari

Mama Happiness hakunifukuza. Alinieleza polepole kama mtu anayemweleza mgeni. Mwaloni mvua ikija hakuna kuulizana nani wa nani. Aliye karibu anaanua kilicho karibu, na anaanza na cha asiyekuwepo, kwa sababu aliyepo ana mikono yake. Kila mtu anajua hivyo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. "Hatukukuambia," alisema, "kwa sababu hatukujua kama kuna mtu wa kuambiwa."

Kituoni kila kitu kilikuwa na namba. Yangu ilikuwa kumi na nne, kwenye shuka, kikombe, kiatu. Aliyegusa namba ya mwenzake aliitwa mbele ya wote asubuhi.

Leo mwaloni hakuna aliyeniuliza chochote. Salamu tu, na kimya.

Ijumaa, 10 Januari

Armelle anasema niombe radhi. Nilimwambia kwamba mtu anaweza kuanua dagaa wa watu na bado akawa mpelelezi. Akaitikia kwa Kirundi, "Ego, ndiyo, na mtu anaweza kusoma miaka kumi na moja na bado akawa mjinga." Kisha hatukuzungumza.

Jumapili, 12 Januari

Bi Melania alifika akiwa anajua yote: mvua, beseni, neno nililosema, hata kwamba sikuwepo kwenye chanja. Alinishauri nimwendee Mama Rozalia. Alisema mtu anayejitegemea si mtu asiyehitaji watu. Alipoondoka nilichukua karatasi.

Niliiandikia bodi ya kituo. Niliandika kwamba Bi Melania anatupeleleza kupitia majirani, kwamba amemhonga jirani mmoja kwa maneno au zawadi ili atufuatilie, na kwamba ametoa siri zangu nilizompa kwa maandishi. Niliweka aya na tarehe. Sikumwonyesha Armelle. Niliikabidhi kwa katekista anayekwenda Kidahwe.

Jumatatu, 20 Januari

Hakuna jibu. Mwezi umepungua, mitumbwi inakwenda.

Alhamisi, 23 Januari

Matokeo yametoka. Daraja la pili. Armelle aliyasoma kwenye simu ya bosi wake akakimbia nayo mpaka uani akipiga vigelegele, na sote wawili tukasahau kwamba hatusemezani. Kwa saa nzima niliwaza masomo ya sayansi, na baada yake uuguzi. Nikaona hata jengo.

Mama Rozalia alitoka chumbani kwake, akasikiliza, akarudi ndani bila kuuliza. Nilitamani aulize.

Jumatatu, 27 Januari

Sista Scola amekuja na mjumbe mmoja wa bodi. Wamesoma barua yangu mbele yangu. Walimhoji Bi Melania Ijumaa, naye hakukana. Amesimamishwa kazi wakati bodi ikichunguza, na majaribio ya vijana wote yamesitishwa. Maana yake kituo hakitaandika barua ya kudhamini mtu yeyote hadi hapo watakapoamua.

Sista alinishika bega akasema nilifanya vema kusema. Lakini Armelle alipouliza, "Na mimi ninakwenda wapi?" Sista hakunitazama.

Mzee Gervasi alituita jioni. Hakukasirika. Alisema alitupokea kwa sababu ya kituo, na mwenyekiti wa mtaa aliandika majina yetu kwa sababu ya kituo. Sasa tumtafute mkazi wa mtaa huu atakayesimama mbele ya mwenyekiti kwa ajili yetu kabla ya Jumamosi ya tarehe nane. Tusipompata, atakihitaji chumba. "Mimi mwenye nyumba siwezi kumdhamini mpangaji wangu mwenyewe," alisema. "Ningeweza, ningefanya."

Tumekaa hapa siku hamsini na sita, na hakuna mlango nilioupigia hodi.

Jumatano, 29 Januari

Bi Melania alipita kutuaga kabla ya kurudi kwao Kasulu. Hakutabasamu. Nilimpa kigoda, mimi nikabaki nimesimama.

"Niliwaomba watu watatu," alisema bila mimi kuuliza. "Mama Happiness, Mzee Gervasi, na Armelle. Niliwapigia simu kila wiki kabla ya kuja, Armelle kwa simu ya bosi wake."

Armelle alikuwa anashona. Sindano ilisimama.

"Na Mama Rozalia?" nikasema.

"Nani?"

"Jirani. Niliwaona langoni mkikubaliana. Mlipiga makofi."

Ilimchukua muda kuelewa. "Winfrida, ile ni salamu. Waha tukisalimiana kwa heshima tunapiga makofi. Unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza hata ng'ombe ambao hawapo. Yule mama simjui zaidi ya hapo."

Nilikaa chini.

Alieleza kwamba mtoto wa nyumbani ana shangazi na mjomba, na mwenye genge akimwona amepita mara mbili bila kununua anajua kuna jambo. Sisi hatukuwa na hao. Alitaka tuwe na watu wa kutuulizia. Alisema alijua tukiambiwa tutaigiza, ndiyo maana hakutuambia.

"Na zahanati?"

Alitazama mikono yake. "Hilo halikuwa langu kulisema. Nilimwambia Mama Happiness ili akuonee huruma, akuvumilie mwanzoni. Nilikosea."

"Mimi sikutaka huruma."

"Nimeelewa hivyo sasa."

Alipoondoka nilimgeukia Armelle. Sikumbuki nilichosema, na nafikiri ni vizuri. Yeye alisema hivi, ninayakumbuka neno kwa neno: "Aliniuliza kama unakula, kama unalala, kama unalia. Nilimjibu. Ndivyo dada anavyofanya. Nilidhani unajua."

Jumamosi, 1 Februari

Armelle ameuliza kwa bosi wake kama anaweza kulala dukani, chini ya meza ya kukatia. Bosi amekataa.

Jumatatu, 3 Februari

Nimeiandikia bodi barua ya pili. Kosa la Bi Melania nimeliacha pale pale lilipokuwa: alitoa ukurasa wangu, na alituficha alichokuwa anafanya. Lakini habari ya jirani aliyenunuliwa nimeandika kwamba niliibuni mwenyewe, kutokana na kitu nilichokiona nisikielewe. Nimeomba pia vijana wengine wasiadhibiwe kwa barua yangu. Nimeisoma mara nne. Sijui kama inasaidia. Inawezekana wataona tu kwamba msichana huyu hajui anachosema.

Jumanne, 4 Februari

Mvua ya ghafla saa tisa. Nimeanua dagaa wa watu watatu ambao siwajui majina. Hakuna aliyenishukuru.

Alhamisi, 6 Februari

Nilipiga hodi kwa Mama Rozalia asubuhi kabla hajaenda mwaloni. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilipiga magoti kama Armelle alivyonielekeza, nikapiga makofi taratibu na kusema mwakeye, salamu yao ya asubuhi. Nadhani nilipiga haraka mno, kwa sababu aliuma midomo asicheke. Nilisema nilimwita mwizi mbele ya watu, kwamba nilikosea, na kwamba dagaa wake walioza kwa sababu yangu.

Akasema, "Walioza kweli. Niliwapa bata."

Nikamweleza habari ya chumba. Sikuficha kwamba ninakuja kwa sababu nina shida. Alisikiliza, kisha akaanza. Mama yangu ni nani? Sijui. Baba? Sijui. Nilipatikana wapi? Mlangoni pa zahanati, kwenye kitenge. Kitenge cha rangi gani? Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Bluu, na ndege. Bado ninacho? Ndiyo. Armelle anaamka saa ngapi? Kwa nini mimi si mlaji? Je, nina mpango wa kuolewa au wa kusoma? Kusoma, nilisema, masomo ya sayansi, na hilo nalo sikuwa nimemwambia mtu kwa sauti.

Nilijibu yote. Katikati ya majibu bado kuna sehemu yangu iliyokuwa inamchunguza, inatafuta anachokitaka. Ninaandika hilo kwa sababu ni kweli. Mwisho nikamuuliza kwa nini anataka kujua.

"Mnakaa ukutani kwangu," alisema. "Ninasikia mnakohoa. Nisijue ni nani anakohoa?"

Alisema atakuja Jumamosi kama hakutakuwa na mvua. Kisha akasema hata ikiwepo.

Ijumaa, 7 Februari

Armelle amefunga nguo zake kwenye mfuko. Anasema ni tahadhari tu. Nilimwambia Mama Rozalia ameahidi. Akaniuliza, "Nawe unamwamini?" Nilisema sijui.

Jumamosi, 8 Februari

Tulikwenda watatu. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Nikodemu, alikuwa kwenye baraza la ofisi yake na daftari kubwa. Alimuuliza Mama Rozalia anatufahamu vipi.

"Huyu mrefu anashona. Hana makuu. Na huyu aliniita mwizi mbele ya mwalo mzima."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Na wewe unakuja kumdhamini?"

"Alikuja kwangu mwenyewe akalifuta neno hilo. Hakutuma mtu."

Mwenyekiti alitutazama mmoja mmoja. Aliuliza kama Mama Rozalia anaelewa kwamba tukiharibu, yeye ndiye atakayeitwa. Akasema anaelewa, huitwa mara nyingi kwa mambo ya watu wasio na shukrani kabisa. Armelle aliangalia chini. Mwenyekiti akachukua kalamu, akaandika majina yetu, tarehe za kuzaliwa, kazi. Kwangu akaandika mwanafunzi. Halafu akafika kwenye mstari wa uhusiano.

"Andika shangazi," Mama Rozalia alisema. "Hilo halisumbui."

Nilijua ningenyamaza mambo yangekwisha. Nilikuwa ninaiona kalamu inashuka. Lakini msimu huu nimeshaandika jambo moja ambalo si kweli kwenye karatasi ya watu wengine, na nimeona lilichofanya.

"Samahani, Mzee," nikasema. "Si shangazi yetu."

Armelle alinikanyaga mguu. Mwenyekiti alimgeukia Mama Rozalia kuona kama atakasirika. Yeye alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza sikutafuta kitu nyuma ya macho yake.

"Basi ni nani yenu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Jirani," nilisema.

Aliandika jirani, akageuza daftari ili tutie sahihi.